Mwani wa Wales na Maji ya Windscale

Ukimwuliza mtu wa pwani yetu maana ya mwani, atakuonyesha majani yanayoletwa ufuoni na mawimbi, yakalala hapo chungu chungu mpaka yakaoza kwa jua. Wazee wa pwani kwa kawaida hawakuyahesabu kuwa chakula cha binadamu. Katika nchi nyingine mambo ni mengine. Wajapani, Wakorea na Wachina wamekula mwani tangu zamani za kale, na huko Japani sheria za Taiho, zilizotungwa katika mwaka wa 701, ziliuweka mwani miongoni mwa vitu ambavyo watu waliweza kuvitoa kuwa kodi. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki mwani ulianza kulimwa kuwa zao la mauzo huko Unguja katika mwaka wa 1989, hasa katika vijiji vya Paje na Jambiani, na baadaye kilimo hicho kikafika pwani ya kusini ya Kenya, huko Kibuyuni katika Kwale.

Basi si ajabu kwamba mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani kama mmea huo unaosifiwa sana unafaa kuliwa, ilhali bahari yenyewe imegeuzwa jaa la ulimwengu mzima. Swali lake ni la haki. Wala si geni, kwa maana liliulizwa kwa uzito mkubwa katika nchi ya Uingereza zaidi ya miaka 60 iliyopita. Na namna lilivyoulizwa huko, na namna lilivyojibiwa, ndiyo habari ninayotaka kukusimulia, msomaji.

Lakini kwanza yafaa tuufahamu mmea wenyewe. Mwani hauna mizizi kama muhindi au mwembe. Kile unachokiona kama mzizi ni kishikizo tu cha kuushikilia mwambani usichukuliwe na mawimbi. Chakula chake huupata kutoka katika maji, nao huyanywa maji hayo kwa mwili wake wote, mchana na usiku. Tena haunywi kwa usawa. Mwani mmoja hupenda kitu hiki, mwingine hupenda kile, na kile kinachopendwa hukusanywa mwilini kwa wingi uzidio sana ule uliomo baharini. Katika mwaka wa 1811 Mfaransa aitwaye Bernard Courtois alikuwa akishughulika na majivu ya mwani, akatia asidi kali kupita kiasi, mara akaona moshi wa rangi ya zambarau ukipanda. Moshi huo ulikuwa aidini, ambayo hapo kabla haikujulikana na mtu. Katika maji ya bahari aidini imo kidogo mno, lakini mwani ulikuwa umeikusanya kidogo kidogo mpaka ikaonekana kwa macho. Yule mtu anayekosa aidini huota rovu shingoni. Kwa hiyo katika jambo hili tabia ya mwani ni baraka. Walakini mmea hauna akili ya kubagua kati ya baraka na sumu. Ukiwa na tabia ya kukusanya, utakusanya vyote viwili.

Katika majabali ya pwani za Uingereza huota mwani mmoja ambao Waingereza huuita laver, nami hapa nitauita leva. Ni jani jembamba mno, mithili ya ngozi ya kitunguu, lenye rangi ya zambarau inayokaribia weusi. Maji yakipwa hulala juu ya jabali likinata kama kitambaa kilicholowa. Watu wa Wales, nchi ya milima iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, wamelila tangu zamani. Huliosha mara nyingi kuondoa mchanga, kisha hulichemsha kwa saa nyingi mpaka likavurugika na kuwa rojo jeusi. Rojo hilo huitwa bara lawr, yaani mkate wa leva, ijapokuwa halifanani na mkate hata kidogo. Huchanganywa na unga wa oti, likafinyangwa vidonge bapa, likakaangwa katika mafuta ya nguruwe na kuliwa asubuhi. Kilikuwa chakula cha wachimbaji wa makaa ya mawe, watu wa kazi ngumu na ujira mdogo. Katika soko la Swansea wanawake waliuza bara lawr pamoja na kombe walizozichimba katika matope ya ghuba, na hata leo ukifika soko hilo utaviona vyote viwili.

Leva ni ndugu wa ule mwani ambao Wajapani huukausha kama karatasi na kuuita nori, na hapa siwezi kupita bila kumtaja mwanamke mmoja wa Manchester, jina lake Kathleen Drew-Baker. Chuo Kikuu cha Manchester hakikumpa kazi ya mshahara baada ya kuolewa, kwa kuwa kilikuwa na sheria ya kutowaajiri wanawake wenye waume. Hata hivyo akaendelea na utafiti wake. Katika mwaka wa 1949 alitangaza kwamba leva, ambayo kila mwaka hutoweka na kurudi tena, kumbe hujificha ndani ya makombe ya baharini ikiwa na umbo jingine kabisa. Wajapani, ambao mavuno yao yalikuwa yameharibika vibaya baada ya vita, waliposoma habari hiyo walijua ni wapi watapata mbegu. Kilimo cha nori kikafufuka. Katika mwaka wa 1963 wakamjengea nguzo ya ukumbusho huko Uto, katika mkoa wa Kumamoto, nao humkumbuka kila mwaka mwezi wa Aprili. Yeye mwenyewe alikufa katika mwaka wa 1957, na Japani hakufika kamwe.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza iliamua kuunda bomu la atomiki, na kwa ajili hiyo ikajenga mitambo mikubwa katika pwani ya Cumberland, kaskazini-magharibi ya Uingereza, mahali paitwapo Windscale. Tanuri ya kwanza iliwashwa katika mwaka wa 1950. Ndani yake uraniamu iligeuzwa kuwa plutoniamu, kisha plutoniamu ikatengwa kwa asidi na dawa nyingine, na kazi hiyo ilibakiza maji mengi machafu yenye mionzi. Yale makali kabisa yaliwekwa katika matangi. Yaliyobaki, ambayo ukali wake ulikuwa mdogo, yalipelekwa baharini kwa bomba lililoingia zaidi ya kilometa 2 ndani ya Bahari ya Ireland, tangu mwaka wa 1952. Msomaji aliyewahi kusikia jina la Windscale huenda anakumbuka moto wa mwezi wa Oktoba 1957, ambapo tanuri mojawapo iliungua na maziwa ya ng'ombe wa nchi ile yakamwagwa. Huo ni mkasa mwingine, nao ulipita hewani. Ninaousimulia mimi ulipita baharini, haukuwa na moto wala kelele, nao uliendelea kwa miaka mingi kwa ruhusa ya serikali.

Ilikuwaje basi maji ya Cumberland yafike katika sahani ya mchimbaji wa Wales, mwendo wa mamia ya kilometa kutoka huko? Sababu ni ya biashara tu. Leva ya pwani ya Wales haikuwatosha wapishi wa bara lawr, kwa hiyo waliinunua kutoka pwani nyingine za Uingereza, na miongoni mwa hizo ilikuwamo pwani ya Cumberland iliyo karibu na lile bomba. Wakusanyaji waliichuma majabalini maji yalipokupwa, wakaitia magunia, ikasafirishwa kwenda kusini. Sasa katika maji yale ya Windscale ilikuwamo aina ya madini iitwayo rutheniamu, nayo leva ina tabia ya kuishika rutheniamu sana, kama vile mwani wa Courtois ulivyoishika aidini. Rutheniamu hiyo hupoteza nusu ya nguvu yake kwa muda wa kama mwaka mmoja. Hivyo siku chache za safari na saa chache za jikoni hazikuipunguza neno. Mvuvi aliyekuwa akiogelea mbele ya Windscale hakupata madhara ya kuhesabika, lakini mlaji aliye mbali, ambaye labda hakuwahi kulisikia jina la mahali pale, ndiye aliyepokea sehemu kubwa kuliko watu wote.

Wataalamu walilitambua jambo hili mapema, nao wanastahili sifa kwa hilo. Wapimaji wa idara ya uvuvi, waliokuwa na maabara yao katika mji wa Lowestoft, hawakuridhika kuuliza kwa jumla kama bahari ni safi. Waliuliza: ni nani anayekula zaidi? Wakaenda kusini mwa Wales, wakafuata biashara ya leva toka mchumaji hadi mpishi, toka mpishi hadi muuzaji, na toka muuzaji hadi nyumbani, wakapima kiasi anachokula mtu kwa siku. Walikuta kwamba walaji wengi hula kidogo, lakini kundi dogo hula sana, yapata gramu 160 kwa siku, na ni hilo kundi dogo walilolitumia kuwa kipimo chao. Kisha wakahesabu mionzi ingeyofika katika utumbo mpana wa watu hao, kwa kuwa rutheniamu hupita tumboni bila kunyonywa sana mwilini, ikaunguza njia inayopita. Hesabu hiyo ikarudishwa nyuma mpaka kwenye bomba: Windscale waliruhusiwa kutoa kiasi kile tu ambacho kisingemdhuru mlaji mkubwa wa bara lawr. Fikiri, msomaji, jambo hili la ajabu. Kiwanda kikubwa cha silaha za dola kilipimiwa kazi yake kwa hamu ya chakula ya watu wachache wa Wales.

Katika miaka ya 1960 wazo hilo, la kuwatazama wale walio hatarini zaidi badala ya kutazama wastani wa watu wote, liliingia katika mashauri ya Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, na tangu hapo limetumiwa katika nchi nyingi. Kipimo kilichopatikana kwa walaji hao kilikuwa chini ya kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Tena kwa kuwa wapishi walichanganya leva ya Cumberland na ile ya pwani nyingine, ukali wake ulipungua zaidi kabla ya kufika mezani. Kwa hiyo mtu akiuliza kama bara lawr ilikuwa salama katika miaka ile, jibu la wapimaji lilikuwa ndiyo.

Mimi naliheshimu jibu hilo, lakini haliniridhishi lote. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka wa 1958 mtaalamu mmoja wa shirika la atomiki la Uingereza, John Dunster, alieleza waziwazi kwamba katika mwaka wa 1956 kiasi cha uchafu kilichotolewa baharini kiliongezwa kwa makusudi, na kwamba nia kubwa ilikuwa kupata vipimo bora vya kuchunguza jinsi mionzi inavyosafiri katika samaki, mwani na mchanga. Yaani bahari ilifanywa maabara, na watu waliokula vitu vya bahari hiyo wakawa ndani ya maabara. Hesabu inaweza kuwa sahihi, na kipimo kikawa chini ya kiwango, na bado ikabaki haki ya yule anayekula kuambiwa kilichomo katika chakula chake kabla hajakitia mdomoni. Mtu aliyekaa kitako kufanya hesabu hakuwa ndiye aliyekaa kula.

Ukusanyaji wa leva ya Cumberland kwa biashara ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kipimo cha Windscale kikahamia kwa walaji wengine, wale wa samaki na kombe wanaoishi karibu na bomba. Katika mwaka wa 1981 jina la mahali hapo likabadilishwa, pakaitwa Sellafield. Jina lilibadilika, bomba likabaki. Tangu mwaka wa 1994 kiasi cha madini mengine, yaitwayo teknetiamu, kiliongezeka sana katika maji yake, yakaonekana katika kambakoche wa Bahari ya Ireland, na katika mwani mpaka pwani za Norwei, ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Serikali ya Norwei ililalamika kwa miaka kadhaa kabla ya njia mpya ya kuyasafisha maji hayo kuanza kutumiwa katika miaka ya 2003 na 2004. Kwa upande mwingine, miaka mingi baada ya biashara ya Cumberland kukoma, wapimaji waliendelea kununua bara lawr katika masoko ya kusini mwa Wales na kuipima, wakikuta mionzi kidogo mno. Katika mwaka wa 2017 chakula hicho kilipewa hifadhi ya jina na Jumuiya ya Ulaya, kuwa chakula halisi cha nchi ile.

Huenda ukaniambia kwamba watu wa Wales walikuwa na bahati. Ndivyo ilivyo, nawe utaiona bahati hiyo ukitazama mahali ambapo hakuna aliyepima kwanza. Nilikutajia nguzo ya Kathleen Drew-Baker huko Uto. Upande wa kusini wa mkoa huo huo wa Kumamoto uko mji wa Minamata, ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilianza katika mwaka wa 1932 kutumia zebaki katika kazi zake na kumwaga maji yake ghubani. Paka wa wavuvi walianza kucheza kama wenye wazimu, wakajitupa baharini. Kisha watu wakashikwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wakatetemeka, wakapoteza macho na usemi. Na watoto wakazaliwa vilema ingawa mama zao walionekana wazima. Ugonjwa ulitangazwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Katika mwaka wa 1959 daktari wa kiwanda mwenyewe, Hajime Hosokawa, alimlisha paka maji ya kiwanda, paka akapata ugonjwa ule ule. Habari hiyo ikafichwa, na zebaki ikaendelea kutumiwa mpaka mwaka wa 1968. Wagonjwa waliotambuliwa na serikali wamezidi 2,200.

Sumu ya Minamata ilipita hasa kwa samaki na kombe, siyo kwa mwani, nayo tofauti hiyo ina maana kubwa kwa swali letu. Zebaki hupanda ngazi: mdudu mdogo huliwa na samaki mdogo, samaki mdogo na mkubwa, na kila anayekula huongeza juu ya kile alichokusanya aliyeliwa. Mwani uko chini kabisa ya ngazi hiyo, kwa kuwa haumli mwingine. Kwa hiyo mtu anayeogopa zebaki ana sababu kubwa zaidi ya kumwogopa papa kuliko kuogopa mwani. Lakini asiseme kwamba mwani wote ni salama, kwani hata bahari isiyochafuliwa na mtu ina mambo yake. Wajapani hula mwani mweusi uitwao hijiki, ambao hukusanya aseniki, ile sumu iliyotumiwa zamani kuulia panya, tena katika umbo lake lililo kali. Mwani mwingine pia una aseniki, lakini nyingi yake imo katika umbo lisilodhuru sana. Aseniki hiyo ya hijiki haihitaji kiwanda. Imo baharini kwa asili. Serikali ya Kanada iliwaonya watu wake wasiule mwani huo katika mwaka wa 2001, na ya Uingereza ikafanya hivyo katika mwaka wa 2004. Wajapani kwa desturi huuloweka na kuuchemsha, na maji yake huyamwaga, jambo linaloondoa sehemu kubwa ya sumu, nao wanaendelea kuula.

Kwa hiyo nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba swali lake, jinsi alivyoliuliza, halijibiki. Hakuna kitu kiitwacho mwani tu, wala bahari tu. Kuna leva ya Cumberland ya mwaka wa 1960, na kuna leva ya jabali jingine iliyokuwa safi mwaka huo huo. Kuna hijiki iliyochemshwa na hijiki isiyochemshwa. Kuna anayekula kidonge kimoja siku ya sikukuu na anayekula gramu 160 kila asubuhi.

Mwani unaolimwa katika pwani yetu ni wa jamii nyingine, na mbegu yake ililetwa kutoka Ufilipino. Wakulima wake wengi ni wanawake. Huufunga kwa kamba na mambo katika maji mafupi, wakaushughulikia maji yakipwa wakati wa bamvua, wakaukausha na kuuza. Sehemu kubwa hupelekwa ng'ambo, ambako hutolewa karajinani, kitu kinachogandisha na kulainisha vyakula. Hivyo mtu wa Nairobi anayekula aiskrimu huenda anakula mwani bila kujua. Lakini siku hizi wapo watu wa pwani wanaoutia katika saladi, maji ya matunda na keki, na kama walaji hao watazidi, yafaa wapimwe mapema, wakiwa bado wachache. Mto wa Ramisi na mto wa Umba hupita mashambani na vijijini kabla ya kuingia baharini katika pwani hiyo hiyo ya Kwale. Maji ya mito hiyo yanaweza kupimwa katika kila majira ya mvua, na mwani wa kila shamba vivyo hivyo. Na kama ilivyokuwa Wales, mpimaji hana budi kubisha hodi kwanza kwa mama mkulima wa Kibuyuni na kumwuliza yeye na wanawe hula kiasi gani kwa siku.